Maisha ya Daudi Susi, Aliyekawia Kubatizwa

Sisi tukaao Fukayosi, tukitaka kwenda Bagamoyo, hatuna budi kuvuka mto Ruvu, ambao zamani, sehemu zake za karibu na bahari, uliitwa Kingani. Nchi hii iliyo kati ya pwani na bara ilijua misafara tangu siku za babu zetu. Watu walipanda kwenda Unyamwezi na Ujiji wamejitwika nguo na ushanga, wakashuka wamejitwika pembe. Na wengine walishuka wamefungwa minyororo shingoni. Mwezi wa Februari mwaka 1874 ulishuka msafara mmoja usiofanana na mingine. Mzigo wake mkuu haukuwa pembe wala mtumwa, bali maiti ya Mzungu, Daktari David Livingstone, aliyekufa mbali sana, kusini ya ziwa Bangweulu, miezi tisa kabla ya siku ile.

Habari hii haiko mwalimu asiyeijua. Watoto wa shule wapelekwa kuutazama mnara wa kanisa la zamani la Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo, wakaambiwa ya kuwa mle maiti ililazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Watoto hutazama mnara, kisha hurudi nyumbani wanajua jina la yule aliyechukuliwa. Majina ya wachukuzi hawayajui, au wakiyajua huyajua kama majina ya watumishi tu. Katika kitabu hiki cha jubilei, ambamo twahesabu miaka ya misheni yetu na watu waliobatizwa, tumeona vema kuandika maisha ya mmoja wa wachukuzi wale, naye ni Susi. Tumemchagua yeye kwa sababu moja. Tendo lake kubwa, lililosifiwa ulimwenguni kote, alilifanya akiwa hajawa Mkristo. Akaishi baadaye miaka kumi na miwili na zaidi asibatizwe. Basi, ukristo wa mtu huyu ulianzia wapi?

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji. Ndipo alipozikwa mke wa Livingstone, Mary, aliyekufa kwa homa mwezi wa Aprili 1862. Mwaka uliofuata Susi alikuwa katika kazi ya Daktari, mmoja wa watu wa mto waliotumika katika merikebu zake. Jina lake lilikuwa Abdallah. Livingstone alipoamriwa na serikali yake kuacha kazi ya Zambezi, aliichukua merikebu yake ndogo, Lady Nyassa, akatoka Unguja mwezi wa Aprili 1864, akavuka bahari kubwa hata Bombay. Na katika mabaharia wake wachache alikuwamo Susi. Huko Susi akaachwa afanye kazi ya bandarini. Mwenzake Chuma, kijana wa Kiyao aliyetolewa katika minyororo ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, akatiwa shuleni kwa wamisheni. Mwezi wa Desemba 1865 Chuma akabatizwa, akaitwa James. Susi hakubatizwa. Alikuwa mtu mzima tayari, mwenye desturi zake, na kazi aliyopewa ilikuwa ya mikono.

Tafadhali wasomaji waweke neno hili akilini: katika marafiki hawa wawili, mmoja alikuwa amepokea maji ya ubatizo, na mmoja hakuyapokea. Tutaona jinsi walivyokwenda.

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari yake ya mwisho, akashuka pwani Mikindani, akaingia bara kutafuta chemchemi za mito. Watu wake wengi walimwacha mmoja mmoja na kundi kwa kundi. Hata mwezi wa Aprili 1868, walipokuwa katika nchi ya Kazembe, Daktari akataka kwenda kusini kulitafuta ziwa Bangweulu. Watu walikuwa wamechoka, miguu ina vidonda, posho ni haba, na mbele yao hapakuwa ila maji na matope. Wakakataa. Katika waliokataa alikuwamo Susi. Na Chuma aliyebatizwa alikuwamo pia. Daktari akaenda na watu wachache mno, akaliona ziwa mwezi wa Julai, akarudi. Alipowakuta tena wale waliomwacha, hakuwafukuza. Mwezi wa Novemba mwaka uleule aliwapokea wote, akaandika katika kitabu chake cha safari kwamba yeye mwenyewe hakukosa kuwa na makosa.

Waandishi wengi wa zamani walilipita jambo hili kimya, wakipenda kutuonyesha watumishi waaminifu wasio na waa. Sisi hatuoni faida ya kulificha. Bwana wetu alisema mfano wa wana wawili, mmoja aliyekubali kwa mdomo asiende shambani, na mwingine aliyekataa, kisha akajuta akaenda. Susi ni huyu wa pili. Mtu asiyepata kukataa kamwe, pengine hajapata kuulizwa neno zito. Nasi twadhani kwamba siku ile alipopokewa tena bila kutukanwa, alijifunza jambo ambalo mahubiri mengi hayakumfundisha. Alikuwa amezoea bwana anayelipa ijara, na bwana anayepiga. Bwana anayesamehe, akikiri makosa yake mwenyewe, huyo alikuwa mgeni kwake.

Walakini moyo haugeuki kwa siku moja. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alifika Ujiji, naye Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki na kumsalimu kwa Kiingereza. Siku chache baadaye Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kwenda kaskazini ya Tanganyika. Usiku mmoja katika safari ile, Susi na Bombay, mnyapara wa Stanley, walikunywa pombe ya kijijini hata wakalewa kabisa, na mtumbwi waliopaswa kuulinda ukaibiwa risasi na unga na sukari ya Daktari. Na Daktari alikuwa amemsifu Susi mbele ya mgeni wake juzijuzi tu! Walimu wenzetu walio na watoto wa shule wajua aibu ya namna hiyo: wamsifu mtoto mbele ya mkaguzi, na palepale aharibu.

Basi huyo ndiye mtu aliyeamshwa usiku wa manane katika kijiji cha Chitambo, tarehe 1 Mei 1873.

Daktari alikuwa mgonjwa sana, akitokwa na damu, hawezi kwenda ila kwa kuchukuliwa. Walimjengea kibanda, wakamtandikia kitanda cha miti na majani. Kijana Majwara alilala humo ili amwangalie. Kama saa tano ya usiku Susi aliitwa. Akachemsha maji, akalisogeza sanduku la dawa, akashika mshumaa karibu, maana macho ya mgonjwa yalikuwa hayaoni vizuri. Daktari akachagua dawa yake kwa shida, kisha akampa ruhusa aende. Kabla ya kupambazuka Majwara alikuja tena mbio kwa hofu. Susi akamwita Chuma na wengine watatu, wakaingia. Mshumaa ulikuwa ukiwaka bado. Daktari hakuwa kitandani; alikuwa amepiga magoti kando yake, kichwa katika mikono yake juu ya mto. Wakadhani anasali, wakasimama kidogo, wakarudi nyuma kwa heshima. Ndipo mmoja akamgusa shavu, akakuta limepoa.

Hapa twaomba ruhusa kusimama kidogo. Susi alikuwa amekaa na mtu huyu miaka kumi. Alimwona akisali mara nyingi, kama sisi sote tuwaonavyo mapadre na walimu wakisali, na kwa kuzoea tukaacha kuona. Usiku ule hapakuwa na kusanyiko la kuhubiriwa, wala mtu wa kutazamwa. Mtu alikuwa ameshuka kitandani, katika maumivu makali, peke yake, ili apige magoti. Susi alikuwa ndiye mtu mzima wa mwisho kusema naye. Ikiwa twatafuta mahali mbegu ilipoanguka katika moyo wake, sisi twaionyesha nafasi ile ndogo kati ya kitanda na mlango.

Asubuhi wakafanya shauri. Walikuwa wapata watu sitini, pamoja na wanawake na watoto, katika nchi ya kigeni. Na kila mtu wa nchi zile aliogopa mno kupitisha maiti katika kijiji chake. Jambo jepesi lilikuwa kumzika palepale, kugawana nguo zilizobaki, na kila mtu kwenda zake. Wakawaweka Susi na Chuma kuwa wakuu wao, wakakubaliana kumpeleka kwao. Chifu Chitambo akawaendea kwa wema, akaomboleza pamoja nao. Farjala, aliyewahi kutumika kwa daktari huko Unguja, akaipasua maiti. Moyo na matumbo wakavitia katika sanduku la bati, wakavizika chini ya mti mkubwa. Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni ya Nasik huko Bara Hindi, akasoma sala za maziko, akachonga jina na tarehe katika mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku kumi na nne, wakaukunja, wakautia katika gome la mti, wakashona juu yake kitambaa cha tanga na kukipaka lami. Kisha wakaufunga katika mti wa kuchukuliwa na watu wawili mabegani.

Wanafunzi wa Biblia watakumbuka mifupa ya Yusufu, jinsi wana wa Israeli walivyoichukua jangwani kwa sababu ya kiapo. Lakini hawa hawakuapishwa na mtu. Daktari hakuacha agizo lolote kwamba maiti yake ichukuliwe.

Safari yao ilikuwa zaidi ya maili 1,000. Ugonjwa uliwazuia tangu mwanzo, watu wengi wakaanguka, Susi mwenyewe akapatwa na maumivu makali ya viungo hata hakuweza kwenda, na wanawake wawili wakafa. Walivuka Luapula. Kwa Chawende walinyimwa nafasi ya kulala. Ugomvi ukaanza, watu wakajeruhiwa, nao wakakitwaa kijiji kwa silaha, wakachoma vijiji vingine vya jirani. Hatuwezi kuitaja habari hii bila huzuni. Watu waliokuwa wakimchukua mtu wa amani walimwaga damu njiani. Wenye kusimulia habari ya msafara huu kana kwamba ulikuwa maandamano ya watakatifu, wasome tena. Ulikuwa msafara wa watu: waaminifu katika neno moja, na katika mengine walikuwa vilevile kama walivyokuwa.

Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara katika Unyanyembe. Huko walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumtafuta Daktari na kumsaidia. Yeye aliona hatari ya njia iliyobaki, akawashauri wamzike palepale. Alikuwa Mzungu, ofisa wa manowari, na wao walikuwa wapagazi na watumishi. Wakati ule haikuwa desturi ya mpagazi kumkatalia Mzungu shauri lake. Wakakataa. Hawakumtukana, wala hawakufanya ghasia. Walimwambia tu kwamba wanakwenda pwani.

Tulinganishe kukataa kwa mwaka 1868 na kukataa huku kwa mwaka 1873. Kwa nje ni neno lilelile, la mtu anayemwambia mkubwa wake kwamba hataki. Kule alikataa ili apumzike. Huku alikataa ili aendelee kuteseka kwa ajili ya mtu ambaye hawezi tena kumlipa wala kumsifu wala kumwona. Miaka mitano tu ilikuwa imepita. Mikono ni ileile, sauti ni ileile, na jina ni lilelile Abdallah. Kilichobadilika hakionekani kwa macho, wala hakikuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Huko mbele, Kasekera, watu wa kijiji walisikia habari ya maiti, wakaziba njia. Wachukuzi wakafanya hila. Walitengeneza mzigo wa mabua, wakauvika nguo kama maiti, wakawatuma watu sita waurudishe Unyanyembe mbele ya macho ya watu wote, kana kwamba wamekubali kuzika. Maiti yenyewe wakaifunga upya kama robota la nguo, na robota likapita. Njiani nyoka alimwuma mtoto mmoja wa kike, jina lake Losi, aliyekuwa amejitwika mtungi wa maji, akafa. Twamtaja kwa sababu vitabu vingi humsahau, naye alikuwa katika msafara kama wengine.

Ndivyo walivyofika Bagamoyo. Mapadre wakaipokea maiti kwa heshima, ikalala kanisani. Kisha ikaja manowari ya Kiingereza, ikaichukua hata Unguja.

Sasa laja jambo ambalo mtu wa kawaida angalikasirikia maisha yake yote. Wachukuzi walilipwa ijara zao, wakaambiwa waende. Aliyesafiri na maiti mpaka Uingereza alikuwa Jacob Wainwright peke yake, kwa nauli ya wamisheni. Siku ya 18 Aprili 1874, Livingstone alipozikwa katika Westminster Abbey, Susi na Chuma walikuwa hawapo. Baadaye rafiki mmoja wa Daktari, James Young, aliwalipia nauli, wakafika Uingereza maziko yamekwisha pita. Wakakaa kwa Padre Horace Waller kijijini Twywell, ambaye alikuwa akitengeneza kitabu cha safari za mwisho za Daktari. Nao wakamweleza mahali kwa mahali, mto kwa mto, na usiku ule wa Chitambo saa kwa saa. Kitabu kilitoka mwaka 1874. Yote tuyajuayo juu ya kitanda na mshumaa na magoti, tumeyapata kwa vinywa vyao. Walitengenezewa pia nishani na Chama cha Jiografia cha Uingereza, wao na wenzao wote wa msafara.

Mwishoni mwa mwaka ule walirudi Unguja. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa tangu Juni 1873, na mahali pake kanisa la UMCA lilikuwa linajengwa. Chuma akaingia katika kazi ya misheni, akaongoza misafara ya Askofu Steere. Baadaye akamwongoza Joseph Thomson hata maziwa makuu, akafa Unguja mwaka 1882. Susi hakubatizwa.

Hili ndilo fumbo la maisha yake. Ikiwa tendo jema humfanya mtu kuwa Mkristo, yeye alikuwa amekwisha kuwa. Alikwenda mpaka Uingereza, akakaa nyumbani mwa padre, akasifiwa katika makusanyiko ya Wakristo. Angaliomba ubatizo siku yoyote, hakuna ambaye angalimnyima. Na nani angalithubutu kumwuliza maswali ya katekisimu mtu aliyemleta Livingstone kutoka Chitambo? Ubatizo wake ungalikuwa sherehe kubwa, na picha yake ingalichapwa magazetini. Naye hakuomba.

Wako watakaosema alikuwa na moyo mgumu. Sisi twaona vingine. Twaona mtu aliyeijua tofauti kati ya kumpenda Mkristo na kuwa Mkristo. Alimpenda Livingstone, hilo halina shaka. Lakini kumpenda mtumishi wa Mungu bado si kumwendea Mungu mwenyewe, na wengi katika makanisa yetu tumesimama hapo. Twampenda padre wetu aliyetusomesha, twailinda heshima ya misheni, twabeba matofali ya kanisa jipya bila kulipwa, na siku ya sikukuu twavaa nguo nyeupe. Mambo hayo ni mema. Susi aliyafanya yote, tena kwa kipimo kisichotufikia hata kidogo. Walakini yeye mwenyewe hakuyahesabu kuwa ndiyo mlango.

Mwaka 1879 alikwenda na Stanley katika nchi ya Kongo, mmoja wa Waunguja waliofanya kazi ya kufungua njia na kujenga vituo, hata kile kilichoitwa Léopoldville, ambacho leo ni mji wa Kinshasa. Kazi ile ilikuwa ngumu, watu wengi walikufa, na mambo yaliyoifuata katika nchi ile ni ya kusikitisha sana. Mwaka 1882 alikuwa amekwisha kutoka huko. Hapa hatuna la kukaa nalo.

Mwaka 1883 aliingia katika kazi ya misheni ya UMCA kuwa kiongozi wa misafara. Askofu Steere alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye alikuwa ameacha Agano Jipya katika lugha ya Kiswahili cha Unguja. Askofu mpya, Smythies, alikuwa mtu wa miguu. Hakukaa Unguja akingoja habari, bali alitembelea vituo vya bara mwenyewe. Misafara ya namna hiyo ilihitaji mtu ajuaye kugawa mizigo, kuzungumza na machifu juu ya njia, na kutuliza ugomvi wa wapagazi penye maji haba. Susi alikuwa ameyafanya hayo miaka ishirini.

Misheni ile haikuwa na desturi ya kumbatiza mtu mzima kwa haraka. Aliyetaka alikuwa kwanza msikiaji, kisha mkatekumeni, akafundishwa muda mrefu, akatazamwa mwenendo wake nyumbani na kazini. Mfikirini basi mtu huyu, ambaye jina lake lilijulikana kwa wasomi wa Ulaya, akikaa pamoja na vijana waliokuwa hawajazaliwa alipoingia kazini kwa Livingstone, akifundishwa amri na sala neno kwa neno. Mpagazi mzee aketi chini, na mwalimu kijana asimame! Sisi walimu twajua jinsi jambo hili lilivyo gumu. Katika mafundisho ya watu wazima, hesabu ya wale wanaoshindwa na masomo ni ndogo. Wengi hushindwa na kule kuketi.

Tena alikuwa na jina la Abdallah, na majirani zake wa Unguja walikuwa Waislamu. Hatutaki neno letu liwe la kuwavunjia heshima jirani zetu, ambao hapa Fukayosi twaishi nao, twazikana nao na kulishana nao. Twataka msomaji aone tu ya kuwa hakubadili njia kwa kuwa ilikuwa rahisi, wala kwa kuwa ilileta faida. Faida ilikuwa mwaka 1874. Mwaka 1886 Livingstone alikuwa amekufa miaka kumi na mitatu, magazeti yalikuwa na habari nyingine, na Chuma alikuwa kaburini. Hakubaki mtu wa kumpendeza.

Tarehe 23 Agosti 1886 alibatizwa. Jina alilopewa lilikuwa David, ndiyo kusema Daudi.

Jina hili latupa nafasi ya kufikiri. Ni jina la bwana wake. Kila mtu aliyelisikia alifahamu. Lakini mbele ya hilo ni jina la mfalme aliyefanya mambo makubwa kwa mikono yake, akaua jitu, akashinda vita, kisha akaanguka vibaya. Na katika kuanguka akatambua ya kuwa Mungu hakuwa akimdai sadaka za kuteketezwa, bali moyo uliopondeka. Alipokuwa kijana Susi alimkimbia David mmoja katika nchi ya Kazembe. Alipokuwa mtu mzima alimchukua begani. Sasa, nywele zikianza mvi, akalipokea jina lake, wala si kwa kumchukua mtu tena, bali kwa kuchukuliwa yeye.

Wasomaji watataka kujua alifanya nini kubwa baada ya ubatizo wake. Alifanya kazi yake. Alihesabu mizigo asubuhi, akagawa posho, akatangulia njiani au akakaa nyuma pamoja na wagonjwa, akawaongoza watu wa misheni kama alivyowaongoza wengine kabla yao. Hakuna nishani iliyotengenezwa kwa ajili ya miaka ile. Huenda kijana mmoja akavunjika moyo akisoma hivi, maana hutarajia kwamba mtu akiisha geuka moyoni atatoka na kufanya jambo la kuandikwa vitabuni. Katika maisha ya Susi jambo la vitabuni lilitangulia. Kugeuka kwake kulimrudisha katika kuamka mapema, na kutokulewa, na kumwambia mpagazi mvivu neno la kweli bila kumpiga. Naam, twakiri kwamba twaipenda sehemu hii ya maisha yake kuliko ile ya Kasekera, ingawa watoto wa shule hawatakubaliana nasi. Wao wataka hila ya mabua.

Katika parokia zetu jubilei hii inaleta hesabu nyingi. Madaftari ya ubatizo yamefunguliwa, mistari inahesabiwa, na kila kituo chatazama kama hesabu yake yapita ya jirani. Tuliokuwa katika kazi hiyo ya kuhesabu tulikuta majina ya watu tunaowajua, mengine ya watu walio imara, na mengine ya watu ambao hatujawaona kanisani tangu siku ile ya maji. Na jina letu wenyewe tulilikuta pia, tukalitazama kwa muda. Tarehe huandikwa upande wa kushoto kwa wino. Upande wa mtu kugeuka moyo wake hauna mstari katika daftari. Kwa Chuma tarehe ya wino ilitangulia, na moyo ukafuata polepole kwa njia ya matope na ya msamaha. Kwa Susi moyo ulianza safari, na wino ukaja nyuma yake baada ya miaka mingi. Padre aandikaye hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Mwenye jina aweza kujua.

Daudi Susi alikufa Unguja tarehe 5 Mei 1891. Tangu asubuhi ile walipoingia kibandani na kumkuta Daktari amepiga magoti, ilikuwa imepita miaka kumi na minane na siku nne.